Turubai Letu la Safari
Kaka yangu alicheka nilipomwambia tuache hema nyumbani, tubebe turubai jepesi na kamba tu, tutembee kwa miguu siku tatu hadi vilima vya Serengeti.

"Msomi, mvua ikija utaiuliza maswali?"

Ilikuja. Yeye ndiye aliyenionyesha kuufunga upande wa upepo chini kabisa, tukalala wakavu.

Mwaka huu shimo la dhahabu alilokuwa akichimba na wenzake lilimfukia. Tulipomaliza kumzika hapo nyumbani, mawingu yakatanda. Mama akaniambia, "Leta lile turubai lenu, mwanangu. Asilowe."

Nilitaka kuuliza mvua itamfanya nini sasa. Nikalileta. Nililifunga juu ya udongo mbichi, upande wa upepo chini kabisa.