Ripoti ya simu ilisema mguu wa Baba unazidi kuharibika, nikafunga safari kwenda Ilula

Wakuu, heshima yenu. Ninayoandika yametokea nyumbani kwetu. Sijatia chumvi, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, naishi Soweto hapa Mbeya. Baba yangu yuko Ilula. Ni seremala mstaafu na mzee wa usharika. Alivuta sigara miaka mingi kabla ya kuacha.

Alianza kulalamika kwamba akitembea kidogo, shavu la mguu linabana kama limefungwa kamba. Akisimama, maumivu yanapoa. Tulidhani ni uzee.

Hospitalini wakasema mishipa inayopeleka damu miguuni imeanza kuziba. Akapewa dawa, pamoja na mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa kwa smartphone. App inamwongoza na kurekodi kila anaposimama, mtaalamu wa mazoezi anampigia kila wiki, na nakala ya ripoti inakuja kwangu. Daktari alikuwa wazi: mazoezi yasiposaidia, watajadili upasuaji.

Baba anaogopa kisu kuliko anavyokiri. Mimi naogopa zaidi yake.

Mwanzoni grafu ilikuwa nzuri. Kisha, ghafla, akaanza kusimama mara kwa mara. Nikimpigia anajibu, "Siumwi, mwanangu." Nikahitimisha kwamba ananificha. Nilisoma makala za kitabibu hadi nikaanza kuuona mguu umekwisha kukatwa.

Ijumaa nikapanda basi.

Kesho yake tukatoka pamoja. Kumbe mvua zilikuwa zimeharibu njia ya shambani aliyokuwa akifanyia mazoezi, akahamia kando ya barabara kuu, penye wauza nyanya. Hatujafika mbali, akasimama kwenye meza ya Mama Tuma.

"Kamwene, baba!" mama akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Watoto?"

"Wazima. Mama hajambo?"

"Yupo. Na yule ng'ombe mgonjwa?"

Wakamjadili ng'ombe. Meza iliyofuata, ya vitunguu, vivyo hivyo.

"Baba, mguu unauma?"

"Hata kidogo. Nasalimia."

Kwa msiopajua kwetu: mzee wa usharika akikupita kimya, amekutangazia ugomvi.

Nilicheka kwa nafuu. Kisha, kwa kuwa akili yangu haijui kupumzika, nikaogopa upya. Kama hafiki kwenye maumivu, je, anafanya mazoezi kweli? Nikampigia mtaalamu, naye akathibitisha: atembee hadi maumivu ya wastani, apumzike yapoe, ndipo aendelee. Kusimama mapema hivyo kunampunguzia faida.

Nikashauri apite akipunga mkono tu. Jumapili alasiri akajaribu. Kabla ya chakula cha jioni, wazee wawili wa kanisani walikuwa sebuleni kwetu wakiuliza kwa upole ni nani aliyemkosea.

"Unaona?" Baba akaniambia walipoondoka. "Utanipatanisha na mguu, unigombanishe na Ilula nzima."

Jumatatu tukatoka tena. Mama Tuma alituona kwa mbali.

"Mzee kapata simu kubwa, salamu zimepanda bei!"

Wenzake wakacheka. Baba hakupunguza mwendo.

"Anayezitaka anisindikize!"

Mama Tuma akamwachia jirani meza, akakaza kitenge, akaongozana naye. Waliulizana habari zote huku wakitembea, hadi kwa mama wa vitunguu, ambaye naye alimpokea bila kuombwa. Kusindikizana tumekuzoea tangu utoto. Sikuwahi kufikiri kwamba kunaweza kuwa tiba.

Karibu na mashine ya kusaga Baba akasimama katikati ya sentensi, ameshika shavu la mguu.

"Hapa sasa panauma."

Sijawahi kufurahia maneno ya namna hiyo. Wakamketisha juu ya tenga la nyanya, maumivu yakapoa, akainuka mwenyewe.

Tangu hapo anafika mbali zaidi kabla ya kuumwa. Kliniki iliyopita daktari alisema suala la upasuaji lisubiri. Siwezi kuapa kwamba ni kutembea peke yake. Dawa nazo anameza.

Nilichojifunza: ripoti ilijua kwamba Baba amesimama. Kwa nini amesimama, ilibidi nikatembee naye.

Mnaouguza wazazi kutoka mbali, ninyi mnafanyaje? Na kama mzazi wako analalamikia shavu la mguu kila anapotembea, usiseme ni uzee kama tulivyosema sisi. Mpeleke akapimwe.

Karibuni kwa maoni, hata ya kunikosoa.