Hadi Kisigino

Katika chumba kile chenye vyerehani viwili na kioo kirefu, neno "hadi" lilikuwa na maana moja tu. Mteja akitaka gauni lifike hadi kisigino, lilifika kisiginoni. Lisipofika, linafumuliwa. Miaka thelathini Mama Pindo alifanya kazi hivyo, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu pindo zake hazikupanda huku zikashuka kule.

Tai alilijua hilo vizuri sana. Mtaa ulimwita Tai kwa ile tai aliyoifunga hata jua likichoma, lakini Mama Pindo alimjua tangu akivaa kaptura. Sare zake za shule alishona yeye, na mwaka baba yake alipofariki alimshonea bure. Tangu hapo kijana hakumwita tena fundi kama watu wengine. Alimwita mama.

Kwa hiyo alipoingia na karatasi za kampuni ya intaneti, alivutiwa kiti.

"Mama, nasikia dada anaolewa huko ng'ambo."

"Anaolewa mwanangu, na mimi daktari amenikataza safari. Gauni nimelishona kwa vipimo vya kusomewa kwenye simu."

"Basi utaona harusi yote hapahapa, kwenye televisheni. Spidi hadi hamsini!"

"Hadi hamsini?"

"Hadi hamsini, mama."

"Na picha haigandi?"

"Igande vipi? Mimi nikudanganye wewe?"

Akasaini. Chini ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, lakini nani anasoma mayai ya chawa mbele ya mtoto anayemwita mama? Dada yake Mama Pindo alipompigia kumwambia aende kutazama kwake, ambako mtandao hausumbui, alijibu kwa madaha, "Wangu ni hadi hamsini."

Alikuwa amepanga na binti yake jambo moja. Akifika mbele ya watu, kabla ya kuvalishwa pete, atageukia simu, na mama atamtamkia baraka zake mbele ya wakwe wote wasikie. Maneno hayo aliyarudiarudia wiki nzima huku akikanyaga cherehani.

Siku ikafika. Majirani wakajaa chumbani, wengine wamekalia marobota ya vitambaa, na simu ikaegemezwa chini ya televisheni ili kule naye aonekane. Kule mbali mlango ukafunguliwa, likaonekana bega, ikaonekana lesi ya mkono, kisha picha ikaganda na kiduara kikaanza kuzunguka. Mama Pindo akavua miwani, akavaa, akasogea, akakunja uso kutazama. Akazitamka baraka zake hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, akikitamkia kiduara. Picha iliporudi, watu walikuwa wanakula.

Kesho yake binti alipiga simu ya kawaida.

"Mama, kwani ulikasirika?"

"Nikasirike na nini, mwanangu?"

"Nimekugeukia, umekunja uso tu. Nimekuita mara tatu mbele za watu. Wakwe zangu wananiuliza kama ndoa hii huitaki."

Alieleza kwamba picha iliganda, akaapa, akalia. Binti akasema, "Sawa, mama," ile sawa ya mtu aliyechoka kuuliza.

Alikwenda ofisini kwa kampuni akichechemea. Dada wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu. "Mama, hadi maana yake haizidi hapo. Hata ikiwa mbili, bado ni hadi hamsini. Na mtaa wenu mko wengi kwenye waya mmoja. Wauzaji wetu wanajua."

"Wanajua?"

"Tunawaambia wote kabla hawajaingia mtaani."

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Kumbe ule umama wote ulikuwa kilemba cha ukoka, na fundi mzima kakivaa asijitazame kwenye kioo!

Wiki mbili baadaye Tai aliingia na suruali mpya begani. Amechaguliwa muuzaji bora, anakwenda kupewa cheti, suruali ndefu mno.

"Ulijua?" Mama Pindo alimuuliza.

Tai akaishika tai yake. "Mama, kazi ndivyo ilivyo. Ningekwambia ukweli usingesaini."

"Lakini nilikuuliza."

Tai aliishusha suruali begani akaikunjua, na mwanamke yule aliumia zaidi kuliko siku ya harusi, maana alikuwa bado anasubiri kusikia kwamba kijana hakujua.

"Vaa, simama kwenye kioo," akamwambia. "Unataka hadi wapi?"

"Hadi kisigino."

Mkono ulimwasha kuikata magotini, na mimi ningemsaidia kushika mkasi. Lakini alipiga magoti kwa shida, akaipigia pini, akaishona, akaipiga pasi. Ilifika kisiginoni, kulia na kushoto.

"Asante, mama."

"Niite fundi," alisema, na kumpa suruali yake.