Majina Ndani ya Mkeka

Harufu ya mafunjo mabichi ilinipokea mlangoni kabla sijamsalimia mtu. Ilikuwa katika chumba cha parokia, hapa mtaani Mapendo, ambapo vijana huwakusanya akina mama waliokimbia milima ya Masisi ili wasuke mikeka na kusimulia habari za kwao. Msichana mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu alinyoosha kidole kwenye mkeka nilioupeleka, kazi ya mikono yangu.

"Koko, hii mistari myeusi inasema nini?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Ninyi nitawaambia leo.

Bibi yangu, ambaye naye tulimwita Koko, alisukia nyuma ya nyumba yetu kule Masisi. Mafunjo aliyalaza siku kadhaa katika matope meusi ya kijito ili yashike weusi, na yalipotoka yalinuka hata mbuzi wakasogea mbali. Mimi nilibaki, nikimpa utepe mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mstari mweusi alitamka jina moja, polepole, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya shamba. Yalikuwa majina ya wanawake waliokufa zamani. Yalifuatiwa na jina lake mwenyewe, kisha la mama yangu, na mwisho kabisa langu: Bahati.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa na nilijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu, mtu mwema ambaye baiskeli yake aliisukuma vilimani zaidi ya alivyoipanda, alitufundisha kwamba kuwaita wafu ni dhambi kubwa. Niliona wazi kwamba Koko alikuwa akiniandikisha kwa wafu. Baada ya mafundisho nilibaki nyuma ya wenzangu.

"Mwalimu, koko yangu anaita watu wenye walikufa."

"Anawaita namna gani?"

"Kwa majina. Akiwa anasuka."

Kwamba jina langu nalo lilikuwamo, sikumwambia. Niliogopa angeninyima komunyo.

Katekista alikuja kwetu Jumamosi. Koko alimpa kiti na uji wa mtama, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia kidogo tu.

"Mutoto amesema kweli. Nawaita."

"Basi uache, mama. Ukiendelea, huyu mutoto hatapokea."

"Nimesikia," alisema Koko. "Apokee."

Nilipokea, katika gauni jeupe, nikijiona nimeiokoa nyumba nzima. Tangu siku hiyo Koko alisuka kimya. Alinifundisha mistari yote kwa kunishika vidole, bila neno, hata alipokuwa hoi kitandani. Tulipokwisha kumzika nilimuuliza mama yale majina. Alinijibu, "Mimi sikukaa naye kwenye mukeka. Wewe ndiye ulikaa."

Miaka mingi baadaye vita vilitutoa kwetu. Katika kambi ya Mugunga, kwenye hema lililopakana na letu, nilimsikia mama mmoja akimwogesha binti yake huku akimtajia mama zake wote wa tangu zamani, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye jina la mtoto mwenyewe. Alitaka mtoto ajue ni wa nani hata wakipotezana. Nilikaa chini pale pale, na ndoo yangu ya maji mkononi.

Koko hakuwa akisali kwa wafu. Alikuwa akinionyesha mahali pangu kati ya watu wangu. Jina langu, lile lililonitisha, ndilo lingemwonyesha katekista hivyo, maana nani huomba msaada kwa mjukuu aliye hai? Pengine angecheka, amalize uji wake, aende zake. Na Koko, ambaye angeweza kujitetea kwa neno moja, aliacha tu, akiogopa nisije nikakosa Mwili wa Bwana.

Mkeka una mistari kumi na minne, nami naisuka bila kukosea. Naweza kutaja watatu wa mwisho. Waliobaki Mungu anawajua. Kila nikitoka kupokea komunyo namshukuru, kisha namwomba anitajie hata mmoja.