Vidole Gumba Ishirini na Vitano

Saa tatu asubuhi, Mama Swali anahesabu vidole gumba kwenye skrini. Ishirini na vitano. Timu nzima ya waandishi wa programu imeweka alama hiyo chini ya ujumbe wake, na hapo ndipo wasiwasi unapoanza.

"Wote wamesema sawa," anajisemea, macho hayabanduki. "Sasa nitajuaje nani amesoma?"

Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa kuuliza ndiyo pumzi yake. Kampuni yao ina ghorofa saba. Timu yake hutunza mfumo unaowakumbusha wagonjwa siku za kliniki kwa ujumbe wa simu. Jana alibadilisha namna tarehe zinavyoandikwa. Saa nne kamili mabadiliko yanaanza kazi. Kama mwenye sehemu ya kutuma hajarekebisha upande wake, hakuna ujumbe utakaotoka, na wagonjwa elfu kumi na mbili watabaki na simu zilizonyamaza. Mmoja ni mama yake mzazi, mgonjwa wa figo, na zamu yake ya kliniki ni kesho.

Miaka mitatu iliyopita walikuwa watano, meza moja, chupa moja ya chai. "Ukipiga chafya tu, wote wanajua umegusa nini," anajitania, ila kicheko hakifiki mbali.

Leo ni ishirini na sita. Amepiga hesabu nyuma ya bahasha: watano wana njia kumi za kuzungumza wawili wawili, ishirini na sita wana mia tatu ishirini na tano. Kikao cha asubuhi, kilichokuwa cha dakika kumi, sasa kinameza saa nzima. Wengi huzima kamera; pengine wanapiga nguo pasi.

Saa tatu na nusu anainuka. Anauliza nani mwenye sehemu ya kutuma, kila mmoja anamsukumia mwingine. Anapandishwa ghorofa ya sita, anateremshwa ya nne. Kiyoyozi kinavuma, jasho linamtiririka.

Kumbe mwenye sehemu hiyo yuko meza ya tatu kutoka kwake. Ni baba mpole wa watoto wawili, wanamwita Kofia. Miezi minane wamerushiana vidole gumba, sura hawajuani.

"Dada, ule wa tarehe?" Kofia anakuna kichwa. "Niliona wenzangu wameweka dole, nikajua kuna aliyekagua. Na mimi nikaweka."

Zimebaki dakika nane. Wanasitisha mabadiliko. Kisha anampigia mama yake, anayetaka kujua tu mbona mwanawe anahema hivyo.

Ombi lake liko tayari siku nyingi: timu igawanywe vikundi vya watano watano, kila sehemu iwe na mwenyewe anayejulikana kwa sura. Analituma kwa mkuu wa kitengo palepale.

Jibu halichelewi. Kidole gumba.

Mama Swali anakitazama. Anafunga kompyuta, anavaa viatu alivyovivua chini ya meza. Ofisi ya mkuu iko ghorofa ya saba.

"Nakwenda anisomee ombi langu kwa sauti," anamwambia Kofia akimpita.