Mgodi wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na mgodi. Haukuwa na shimo, wala sururu, wala kofia ya chuma. Ulikaa juu ya meza ya kulia chakula, kifuniko wazi, waya umechomekwa ukutani, ukivuma mchana kutwa na usiku kucha. Wakati wa chakula mkewe alisimama na sufuria mkononi akitafuta pa kuitua.

"Sogeza mgodi wako tule," alikuwa akisema.

Naye aliusogeza taratibu kwa mikono miwili, maana mgodi ulikuwa na moto wake.

Lakini hadithi haianzii mezani, inaanzia kibandani. Kwa miaka thelathini mtu huyu alikaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akiponya saa za watu. Mtaa mzima ulimwita Dakika Mbili. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, alijibu bila kuinua uso, "Nipe dakika mbili." Dakika hizo ziliwahi kufika wiki tatu, sitaki kumsingizia, lakini saa ikitoka mkononi mwake ilikuwa imepona kweli, na hairudi tena.

Kisha simu zikajaa mifukoni. Kila mtu akawa na saa isiyohitaji fundi. Wateja wachache waliobaki walikuja kubadilisha betri, na wengi zaidi walisimama kibandani kuuliza njia ya kwenda kwingine. Nyumbani, kilichokuwa kikilisha watu sasa ni cherehani ya mkewe. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, kuanzia asubuhi hadi jua linapoinama, na nyuzi za bluu na nyeupe zikatanda kila mahali, hadi kwenye chumvi.

Mke huyo hakuwahi kumsimanga. Hilo ndilo lililomuuma Dakika Mbili. Angekuwa na mke wa maneno, naye angejibu maneno, wangemalizana. Huyu aliweka chakula mezani akasema karibu, na mume akala kwa aibu. Alichotaka hakikuwa utajiri. Alitaka siku moja tu aweke hela kwenye kiganja cha mkewe na kusema, "Shika, hizi nimeleta mimi."

Mtu mwenye shida ya namna hiyo hutafutwa na maarifa hata akijificha. Yeye yalimkuta kupitia kwa kinyozi wa kibanda cha jirani.

"Mzee," kinyozi alimwambia asubuhi moja huku akinyoa mtu, "ile laptopu aliyokuachia kijana wako, inafanya kazi gani?"

"Jumapili anatupigia, tunamwona uso."

"Na siku sita zilizobaki?"

"Mama watoto ameifunika kitambaa."

Kinyozi akazima mashine, akamwacha mteja na nusu kichwa. "Basi amefunika hela."

Akamweleza. Huko mtandaoni kuna sarafu isiyoshikika wala kuonekana, ila ina bei. Kompyuta za dunia nzima zinashindana kufanya hesabu ngumu za kuilinda, na kila inayosaidia hulipwa punje yake; wenyewe huita kuchimba. Kazi yote inafanywa na laptopu. Mwenye laptopu amelala, au anakula, au ananyoa.

"Hizo hesabu ni za nini?" aliuliza Dakika Mbili.

"Ni hesabu tu, mzee."

"Nani anahitaji majibu yake?"

"Hakuna anayeyahitaji. Ndiyo maana wanalipa."

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kupokea saa bila kuuliza kama ilianguka chini au ilianguka majini. Siku hiyo hakuuliza zaidi. Jioni kinyozi akaja na programu yake kwenye kijiti cha USB, akaichomeka, akabonyeza hapa na pale. Kioo kikawa cheusi na tarakimu za kijani zikaanza kupanda juu mbiombio, na pembeni ikakaa namba moja ya pekee, yenyewe haina haraka: sifuri, nukta, sifuri nyingine nane, kisha tatu.

Mke aliacha cherehani akaja kutazama. "Mbona sifuri nyingi?"

"Ndivyo zinavyoanza. Haba na haba hujaza kibaba."

"Sawa," alisema mke. "Na kibaba chenyewe kina ukubwa gani?"

Hilo nalo Dakika Mbili hakulijua. Alikuja kulijua baadaye, kwa gharama yake, au tuseme kwa gharama ya mkewe.

Maana laptopu haichimbi kwa maji. Umeme wa nyumba ile ulinunuliwa kabla ya kutumiwa, na mita ilikaa pembeni ya mlango na taa yake nyekundu. Uniti zilizozoea kumaliza mwezi zikaanza kuisha kabla ya nusu ya mwezi. Aliyekuwa akizinunua ni mwenye cherehani. Mara ya kwanza alinunua nyingine tu. Mara ya pili akauliza, "Baba watoto, au pasi yangu ndiyo inayokula umeme hivi?"

Dakika Mbili alikuwa na nafasi hapo ya kusema kweli. Alitazama mita, akatazama pasi iliyosimama wima pembeni ya sare, akatazama namba yake ya kijani.

"Huenda ikawa pasi," alisema. "Hizi pasi zikizeeka zinakuwa na ulafi."

Tangu siku hiyo mkewe akawa ananyoosha sare mara moja tu kwa wiki, Jumamosi, zote kwa mkupuo, kijasho kikimtoka, ili pasi isiwashwe mara nyingi. Mume alimwona. Moyo ulimchoma, hilo nakiri kwa niaba yake. Lakini alijiambia kwamba siku sarafu zikitoka atamnunulia pasi mpya, na akaendelea kuchimba.

Sasa laptopu ya mtu aliyeko mbali, iliyoachwa ya kutazamia uso wa mama mara moja kwa wiki, ikiamrishwa kufikiri bila kupumzika, huchoka. Mwezi wa pili ilianza kunguruma, ikanuka kama pasi iliyosahaulika, kisha ikazimika yenyewe katikati ya mchana. Dakika Mbili aliibeba mpaka kibandani kama mgonjwa. Hakuwa amefungua kompyuta maishani mwake. Ila skurubu ni skurubu, na hizi kwake zilikuwa kubwa. Akashika bisibisi yake ndogo, akabana kioo jichoni, akaingia ndani.

Alichokikuta kilimfanya acheke peke yake. Feni ilikuwa imevishwa sare. Nyuzi za bluu, nyuzi nyeupe, zimejizungusha kwenye mhimili zikakaza, na nyuma yake pamba ya vumbi imeziba njia yote ya hewa. Alizitoa uzi mmoja mmoja kwa kibano, akapangusa, akadondosha tone la mafuta ya saa kwenye mhimili, akafunga. Feni ikazunguka kwa mvumo laini, na kioo cha laptopu kikawaka.

Mwenye duka la dawa alikuwa akipita. "Hata hizo unatengeneza?" aliuliza. "Ya kwangu nayo inalia, ukiiweka mapajani inakuunguza."

"Nipe dakika mbili," alisema Dakika Mbili. Ulikuwa mdomo tu, umezoea.

Ya mwenye duka la dawa ikapona. Akafuata karani wa shule na mbili za ofisini. Akafuata mchora ramani, kisha mtu wa vipaza sauti, kisha watu asiowajua waliotumwa na watu aliowaponyea. Katika wiki tatu akafungua kompyuta kumi na moja, na kibanda kikawa na foleni kama zamani. Naye alilalamika.

"Hizi kazi ndogo ndogo zinanipotezea muda," alimwambia kinyozi. "Natakiwa niwahi nyumbani niangalie mgodi. Kwani wewe wa kwako umefika ngapi?"

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine yake kwa muda mrefu kuliko nywele zenyewe. "Mimi? Mimi mbona niliacha mwezi wa kwanza, mzee. Umeme ule? Nani ataweza?"

"Na hukuniambia."

"Nilikuona una furaha."

Dakika Mbili akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza akapiga hesabu ambayo laptopu haikuombwa kuipiga. Programu haimlipi mtu mpaka afikishe kiwango fulani. Kwa mwendo wake wa miezi mitatu, angekifikia baada ya miaka kumi na moja, laptopu ikiwa hai na yeye akiwa hai. Na hapo, kwa bei ya sarafu ya siku ile, malipo yenyewe yasingerudisha umeme wa mwezi mmoja. Aliirudia hesabu mara tatu akitumaini amekosea, maana kuna nyakati mtu huomba awe mjinga. Hakuwa amekosea. Na bado hakuuzima mgodi, kwa sababu kuuzima kulihitaji maelezo.

Mfukoni alikuwa na ujira wa zile kompyuta. Alimkuta mkewe anatunga uzi, akamshika mkono, akaweka hela kiganjani. Siku aliyoiota ikawa imefika.

"Shika. Hizi nimeleta mimi."

"Za wapi?"

Kweli ilikuwa nyepesi na ya heshima. Angeisema angelala vizuri. Lakini mtu aliyehubiri mgodi miezi mitatu, akala umeme wa mkewe na kuisingizia pasi, anatokaje leo na kusema hela zimetoka kwenye bisibisi?

"Za mgodi," alisema.

Mkewe alizitazama, akamtazama na yeye. "Basi hongera," alisema, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Wiki iliyofuata mume akaleta nyingine za mgodi, na iliyofuata tena. Alijisikia mwanamume na mwizi kwa wakati mmoja, na hakujua amkaribishe yupi mezani.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia Jumapili alasiri, baada ya kijana wao kupiga na kuaga. Mkewe alitoa bahasha nene akaiweka pembeni ya laptopu.

"Nimewaza, baba watoto. Kama mgodi mmoja unatoa hivi, miwili si itatoa maradufu? Hizi nilizitunza za kununulia ovaloki." Ovaloki ni ile mashine inayofunga kingo za nguo zisifumuke nyuzi; mkewe alikuwa akiitamani miaka minne, na kila sare aliipeleka kwa fundi mwingine kufungwa kingo. "Ovaloki itasubiri. Kesho nenda kanunue laptopu ya pili."

Dakika Mbili alihisi meza ikimsogelea. "Tungoje kidogo," alisema. "Bei ya sarafu imeshuka."

"Ulinifundisha mwenyewe kwamba ikishuka ndipo watu hununua."

"Mbili zitapiga kelele."

"Kelele nimezizoea."

"Joto je?"

"Nitashonea uani."

Kila mlango alioukimbilia, mkewe alikuwa ameshaufunga kwa maneno yake yeye mwenyewe. Alitazama bahasha. Miaka minne ya sindano ilikuwa mle ndani, na ilitosha aseme ndiyo iteketee. Kumbe alikuwa radhi kuonekana mjinga kuliko kuiacha iteketee. Hakulijua hilo mpaka dakika ile.

"Usinipe hela hizo," alisema. "Mgodi haujatoa hata ya kiberiti. Ungetulipa baada ya miaka kumi na moja. Zile nilizokupa ni za kutengeneza kompyuta za watu." Kisha akamalizia lililokuwa zito kuliko yote. "Na haikuwa pasi. Pasi yako haina kosa."

Mkewe alisukuma bahasha mbele ya mumewe. "Ifungue."

Akaifungua. Ndani mlikuwa na mabaki ya kitambaa cha sare, ya bluu na meupe, yamekatwa kwa ukubwa wa noti na kupangwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kukata.

"Za ovaloki ziko wapi?"

"Ziko zinakokaa," alisema mkewe. "Mwenye duka la dawa alikuja kushonesha gauni, kabla hata hujaniletea hela ya kwanza. Akaniambia mume wangu ana mikono ya kutafuta kwa tochi. Nikafurahi. Nikakaa nikisubiri uje uniambie mwenyewe. Ukaja, ukaniambia mgodi."

"Na wewe ukanipa hongera."

"Ulikuwa umesimama wima. Siku nyingi nilikuwa sijakuona umesimama hivyo." Alichukua kipande kimoja cha kitambaa akakikunja. "Nilikusamehe mgodi. Umeme nilikusamehe. Pasi ndiyo iliyonikaa hapa. Jumamosi zote zile, na unaniangalia."

"Nimekukosea," alisema Dakika Mbili, na hakuongeza kisingizio.

Akanyoosha mkono akauzima mgodi. Tarakimu za kijani zikakatika, feni ikazunguka mizunguko ya mwisho, ikatulia. Chumba kikawa kimya, kimya cha ajabu, na sikio la fundi likaanza kutafuta kitu lilichokizoea na lisikipate. Akainua uso ukutani. Saa ya ukutani, aliyomletea mkewe mwaka waliooana, ilikuwa imesimama saa nne na robo. Yeye siku hizi wakati aliusoma kwenye kona ya laptopu.

"Imesimama lini hii?"

"Wiki ya pili ya mgodi."

"Na hukusema?"

"Kwani fundi saa humu ndani ni nani?"

Dakika Mbili alivuta kigoda akapanda, akaishusha saa, akaipuliza vumbi, akailaza kifudifudi mahali palipokuwa na mgodi. Akatoa kioo mfukoni akakibana jichoni. Mkewe akamuuliza itachukua muda gani.

"Nipe dakika mbili," alisema.

Mkewe akachomeka pasi, akavuta rundo la sare zilizobaki za jana, akaanza kunyoosha bila haraka, maana dakika hizo alikuwa akizijua.