Figo ya Mdogo Wangu na Zabibu za Idi

Nimesoma mpaka darasa la tatu na sioni haya kulisema. Nyumba yangu ya Sofu, hapa Kibaha, nimeijenga kwa matofali niliyofyatua kwa mikono hii, na waliomaliza vyuo wamepanga kwangu. Lakini neno moja la Kiingereza lilitaka kuniua, na mpaka leo likinijia nakunja ngumi.

Figo niliyo nayo ni ya mdogo wangu wa kike, mkulima wa Kisarawe. Zangu zilikufa zote mbili. Yeye akatoa moja yake wala hakutaka kubembelezwa. Baada ya upasuaji nikapewa vidonge vya kumeza maisha yangu yote, ili mwili usiikatae figo ya mwenzangu. Binti wa dirisha la dawa akanisomea masharti harakaharaka, macho kwenye karatasi.

"Na usile gripufruti, mzee. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Ningesemaje mbele ya foleni ile? Gripu nilikwishasikia mjini kwamba ni zabibu. Basi nikaacha zabibu. Siku ya Idi watu wanakula pilau, mimi nimeinamia sahani nachambua zabibu kavu moja moja kama anayetoa mawe kwenye mchele. Wajukuu walicheka mpaka wakapaliwa.

Na kila wiki mdogo wangu alinitumia mfuko wa mabalungi ya shambani kwake. "Kunywa, kaka, yanasafisha damu." Nikawa nakamua mawili kila asubuhi, namezea vidonge.

Ikapita miezi. Miguu ikavimba, mikono ikatetemeka hata kikombe kikawa kinagonga meno. Kliniki wakapima damu: dawa imejaa kupita kiasi, na figo imeanza kuchoka. Daktari, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, akavua miwani.

"Mzee, unazidisha dozi?"

Damu ikanichemka. Mimi! Ninayemeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hata msibani natoka kwenye mkeka nikameze! "Kijana, unaniona mimi mtoto wa kulamba dawa kama pipi?"

Mdogo wangu, aliyenisindikiza siku ile, naye akapandwa na hasira. "Daktari, mwogope Mungu. Kaka yangu huyu anatoa hata zabibu kwenye pilau!"

"Zabibu? Kwa nini zabibu?"

"Si mlimkataza wenyewe?"

Daktari akafunua faili, akasoma. Kisha akaonyesha kwa mikono: tunda la mviringo, kubwa kuliko chungwa, ndani jekundu, lina uchungu.

"Balungi hilo!" akasema mdogo wangu. Halafu akaketi. "Yaa Rabi. Figo yangu mwenyewe nimeiharibu kwa mabalungi yangu mwenyewe?"

Hapo ndipo tukaelezwa kwa Kiswahili. Balungi huuzuia mwili kuivunja dawa ile, ikarundikana damuni. Na dawa hiyohiyo inayoilinda figo, ikizidi, huiunguza.

Nikamuuliza daktari, neno balungi lina miiba? Linachoma ulimi? Akina mama wanayapanga barabarani mafungu mafungu, kila mtoto wa Misugusugu, hapahapa Kibaha, anayajua, ila kwenye dirisha la dawa ndiyo hayana jina!

Akapunguza dozi kwa siku kadhaa, tukawa tunapima. Dawa ilishuka. Figo ilirudi, ila si yote. Palipoungua, alisema, hapaponi. Mdogo wangu alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na wewe kaka, kwa nini hukuuliza?" Hasira zangu zote nilikwishazigawa kwa wengine. Swali hili lilinikuta mikono mitupu.

Kliniki iliyofuata, dirisha lilelile, binti yuleyule.

"Na usitumie enisedi, mzee. Umeelewa?"

"Sijaelewa."

Akainua macho. "Dawa za maumivu, za aina hiyo."

"Aina ipi? Nionyeshe."

Nyuma yangu mama mmoja akaguna. "Mzee, tutalala hapa?"

"Lala, mama, nitakuamsha."

Binti akaenda rafuni kwa kishindo, akarudi na boksi, akalibwaga mbele yangu. Nikaliangalia. Kisha nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa vidonge vyangu vya goti nilivyonunua dukani Misugusugu, nikaviweka kando yake.

Ni vilevile.