Alama Mbili za Glisini

Wanafunzi walimbandika jina la Kiberiti, na baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha kemia alikuwa ameacha kujifanya halijui. Aliwaka kwa mambo madogo: chupa ya maabara isiyosuuzwa, daftari lisilo na jalada. Siku ya nne ya kusahihisha mitihani ya taifa aliwaka kwa jambo kubwa.

Walikuwa wamejazana kwenye ukumbi wa shule, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti hayana pa kuingia. Kila mmoja alipewa swali moja tu, analisahihisha hilohilo mpaka kidole kinaota sugu. Lake lilikuwa la tisa: chora glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, ikiwa ndani ya maji. Alama mbili. Mwongozo wa kusahihishia ulionyesha kaboni katikati, kundi la amino kushoto, kundi la asidi kulia, basi. Mwenye kuchora vingine, sifuri.

Mtahiniwa mmoja, mwandiko wa kuku, alikuwa ameweka chaji chanya kwenye naitrojeni na chaji hasi upande wa asidi. Kiberiti alishapiga alama ya kosa ndipo alipoona maneno pembeni: “Upande wa asidi umeupa upande wa amino haidrojeni yake. Ndiyo maana glisini inayeyuka kwenye maji na kugoma kwenye mafuta ya taa, na motoni inavumilia hadi nyuzi mia mbili na zaidi. Tabia zake ni za chumvi.”

Akaweka kalamu chini. Mtoto alikuwa sahihi, mwongozo ndio uliokosea. Na yeye mwenyewe, tangu Jumatatu, alikuwa amewapa sifuri wangapi? Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa moto.

Akamwendea kiongozi wa jopo, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi na meza yake mbele ya ukumbi.

“Mwongozo wa swali la tisa una kosa.”

“Mwalimu, umeshapitishwa huo. Tukiugusa tunafungua mafurushi yote ya karatasi upya. Ni alama mbili tu.”

“Kwako ni mbili tu. Mtoto wa watu anakosa chuo kwa hizo mbili. Nani alichora upuuzi huu?”

Kalamu zikasimama ukumbi mzima.

“Nilichora mimi,” alisema kiongozi.

“Mimi ndiye niliyekufundisha kemia, na sikukufundisha hivi.”

Kiongozi alizungusha kikombe chake cha chai mara mbili. “Ulitufundisha hivihivi, mwalimu. Ulituchorea ubaoni. Kuna binti aliongeza chaji, ukamwambia anajifanya mjuaji, ukamtoa nje.”

Kiberiti alimkumbuka. Binti mrefu, alisimama juani kipindi kizima, daftari amelikumbatia kifuani, na hakunyoosha mkono tena mwaka ule wote. Hasira haikumtoka hata kidogo, ila sasa ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe.

“Leta mafurushi,” alisema.

“Yote?”

“Anza na la Jumatatu.”

Alikaa, magoti yakagonga dawati. Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa na zile chaji mbili, na juu yake sifuri nyekundu, kubwa, aliyoiandika kwa mkono wake.